Kikurdi na Kixhosa: shule iliyokatazwa na shule iliyolazimishwa

Februari 2016 kampuni ya Google iliingiza lugha mpya 13 katika huduma yake ya tafsiri, jumla ikafika 103. Kwenye kundi hilo zilikuwemo Kiamhari, Kishona na Kihawaii, pamoja na mbili ambazo sikutegemea kuziona zikiingia kwa mlango mmoja: Kikurdi cha Kurmanji na Kixhosa. Hazina undugu. Hazijawahi kupakana, kutawaliana wala kuuziana chumvi. Moja ni ya milima ya Zagros na Taurus, ambako Uturuki, Iran, Iraki na Syria zinakutana. Nyingine ni ya mashariki ya Rasi, kwenye mito ya Kei na Fish huko Afrika Kusini. Anayeziweka kwenye mizani moja anaweza kuulizwa kama hana kazi ya kufanya.

Naziweka hata hivyo. Huku kwetu mjadala wa lugha ya kufundishia umeganda. Upande mmoja unasema lugha ya mama ni haki na ukombozi, upande wa pili unasema Kiingereza ndicho kinacholeta mkate, na kila upande unamwona mwenzake kama mjinga au msaliti. Kikurdi na Kixhosa zikikaa pamoja zinaonyesha jambo ambalo pande zote mbili hulisahau: shule ya lugha ya mama inaweza kuwa kitu ambacho watu wako tayari kwenda jela ili wakipate, na inaweza kuwa kitu ambacho wazazi wanakikimbia, na watu wa aina zote mbili wakawa na akili timamu. Tofauti inatokana na nani aliileta shule hiyo, na kwa nia gani.

Kwanza lugha zenyewe, maana watu wengi huzijadili bila kuzitazama.

Kwa msomaji wa Kiswahili, Kixhosa hakihitaji utambulisho mrefu. Ni Kibantu cha tawi la Nguni, ndugu wa Kizulu, Kiswati na Kindebele. Umntu na abantu ni mtu na watu. Amanzi ni maji, inyama ni nyama, indlovu ni ndovu, ukulima ni kulima, ukufa ni kufa. Chukua "ndiyakuthanda" uikate vipande, ndi-ya-ku-thand-a, na kila kipande kinakaa palepale kinapokaa katika ni-na-ku-pend-a. Ngeli zipo, upatanisho upo. Kinachotushinda ni toni, ambayo Kiswahili kiliitupa njiani, na vidoko.

Vidoko vya Kixhosa ni vya aina tatu za msingi na huandikwa kwa herufi c, q na x. Cha kwanza ulimi hubanduliwa kwenye meno, cha pili kwenye kaakaa, cha tatu huachiwa pembeni, kama mtu anavyohimiza punda. Kila kimoja hupakwa pumzi, sauti ya ghuna au ya puani, hata idadi ya konsonanti za vidoko ikafika 18. Mababu wa Kibantu hawakuja nazo. Zilitoka kwa Wakhoi na Wasan, majirani ambao Waxhosa walioana nao kwa karne nyingi, na wataalamu wengi wanaitaja mila ya hlonipha kuwa mmoja wa milango zilikopitia. Mwanamke aliyeolewa hakutakiwa kutamka silabi zilizomo katika jina la baba mkwe na wakwe wengine wa kiume, basi akawa anabadilisha sauti ndani ya maneno ya kila siku, na sauti za majirani zilikuwa karibu. Afrika Mashariki nayo ina vidoko, kwa Wasandawe na Wahadzabe wa Tanzania na kwa Wadahalo wa pwani ya Kenya, ingawa Kiswahili hakikukopa hata kimoja. Labda wake zetu wa pwani walikuwa na njia nyingine za kuwaheshimu wakwe.

Kikurdi ni ukoo mwingine kabisa: Kiindo-Ulaya, tawi la Kiirani, jamaa wa Kiajemi na Kipashto. Msamiati wake hata hivyo una vitu tunavyovijua. Dinya, kitêb, wext, xeber, bext, bender: dunia, kitabu, wakati, habari, bahati, bandari. Waarabu na Waajemi wametukopesha sote. Ugeni uko kwenye sarufi. Kurmanji husema "min ew dît", nilimwona, na "min ew dîtin", niliwaona. Kitenzi kimebadilika kuwafuata wanaoonwa, si anayeona. Na huyo anayeona, ambaye katika wakati uliopo angekuwa "ez", sasa ni "min", umbo lilelile la "mala min", nyumba yangu. Yaani katika wakati uliopita, kitenzi chenye yambwa humnyang'anya mtenda nafasi ya kiima. Aliyezoea kwamba mtenda ndiye anayeburuza kitenzi, kama ilivyo kwetu na kwa Waxhosa, inambidi ajifunze upya.

Kuna mahali pamoja lugha hizi mbili zinagusana, napo ni pa ajabu: herufi. Q na x, ambazo kwa Mxhosa ni vidoko, kwa Mkurdi wa Uturuki ni sauti za kooni na kaakaa la nyuma, q ya "qelem" (kalamu) na x ya "xeber". Sheria ya alfabeti iliyopitishwa Uturuki mwaka 1928 ilitoa orodha ya herufi za Kilatini zinazoruhusiwa, na q, w na x hazikuwemo. Kwa miongo mingi mzazi aliyetaka kumwandikisha mtoto kwa jina lenye moja ya herufi hizo alikataliwa na msajili. Kituo cha televisheni chenye jina la Show TV kilitangaza kwa W yake bila kuguswa na mtu, kwa kuwa W hiyo ilikuwa ya Kiingereza. Kuondolewa kwa katazo la herufi kulitangazwa mwaka 2013.

Miaka minane baadaye, mwaka 2021, serikali ya Afrika Kusini iliuondoa kwenye ramani mji wa Port Elizabeth na kuandika Gqeberha. King William's Town ukawa Qonce. Baadhi ya wakazi walilalamika kwamba hawawezi kulitamka jina la mji wanaoishi. Kwa hiyo herufi q upande mmoja ilimfanya mtoto akose cheti cha kuzaliwa chenye jina alilopewa, na upande mwingine dola lenyewe liliibandika kwenye vibao vya uwanja wa ndege. Ukiishia hapo utasema Kixhosa kimeshinda na Kikurdi kimeshindwa. Wengi huishia hapo.

Kabla ya shule kuna swali la lugha ngapi tunazozungumzia. Kixhosa na Kizulu husikilizana. Mzee wa Mthatha na mzee wa Ulundi wanaweza kubishana siku nzima bila mkalimani. Bado ni lugha mbili, zenye tahajia mbili na vitabu viwili vya darasa la kwanza. Sehemu kubwa ya sababu ni kiwanda cha uchapishaji. Wamisionari wa Uskochi walifikisha mashine yao bonde la Tyhume Desemba 1823, John Bennie akaanza kuandika Kixhosa kwa maandishi yaliyokuja kuwa ya Lovedale, na wamisionari wengine wakafanya yao kwa Kizulu huko Natal. Mwaka 1944 Jacob Nhlapo alipendekeza lugha za Nguni ziwe na maandishi ya pamoja, na Neville Alexander akalifufua wazo hilo mwishoni mwa miaka ya 1980. Halikwenda popote. Wenye lugha walikuwa wamekwisha kujizoea kama wawili.

Kikurdi ni kinyume chake. Kurmanji na Kisorani, lahaja zake kuu mbili, zimeachana kuliko Kixhosa na Kizulu. Kurmanji ina jinsia: "mala min" kwa nyumba, ambayo ni ya kike, "hespê min" kwa farasi dume. Kisorani kimeitupa jinsia, kinasema "malî min" na "espî min" kwa mtindo uleule. Kimoja kwa kawaida huandikwa kwa Kilatini, kingine kwa herufi za Kiarabu zilizoongezewa alama hata kila irabu ikaonekana. Mtu wa Diyarbakır, Uturuki, na mtu wa Sulaymaniyah, Iraki, wanahitaji uvumilivu, na wakati mwingine wanahitaji Kiingereza. Lakini thubutu kuwaambia ni lugha mbili uone. Lugha isiyokuwa na dola hushikilia umoja wa jina kwa sababu jina ndilo lililobaki mkononi, na sioni ubaya wake. Ubaya unakuja pale umoja unapotafsiriwa kuwa ushindi wa lahaja moja: Aprili 2008 waandishi na wasomi 53 wa Kurdistan ya Iraki walitia saini ombi la kutaka Kisorani kiwe lugha rasmi ya serikali na shule, na watu wa Duhok, ambao ni wa Kurmanji, walilipokea kama walivyokipokea Kiarabu.

Sasa magereza, maana hapo ndipo tofauti ya kweli ya historia hizi mbili inapoonekana.

Mandela alipokuwa Robben Island, kuanzia 1964, mgeni aliyekuja kumtembelea aliruhusiwa nusu saa kila miezi sita. Mazungumzo yalitakiwa yawe ya mambo ya familia tu, na yawe kwa Kiingereza au Kiafrikaans. Kixhosa, lugha aliyozungumza na mkewe nyumbani, kilikatazwa chumbani humo. Sababu haikuwa fumbo: askari aliyesimama nyuma alitaka kuelewa kila neno.

Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Septemba 1980, katika gereza la kijeshi la Diyarbakır, ukutani kulikuwa na maandishi yaliyowaamuru watu waseme Kituruki, tena waseme sana. Akina mama wa vijijini waliokuja kuwaona watoto wao wengi hawakujua Kituruki hata kidogo. Walikaa upande wao wa wavu wakamtazama mtoto, muda ukaisha. Wengine walikaririshwa maneno mawili matatu ya salamu, wakayarudia mpaka wakaambiwa waondoke. Askari wa hapo wangeweza kupata mkalimani wa Kikurdi kwa kupiga mluzi. Nusu ya mji ilikijua. Kuelewa hakukuwa lengo. Lengo lilikuwa lugha isisikike.

Gereza la kisiwani lilimnyima mtu mmoja lugha yake ili limchunge. Nje ya gereza hilo, wakati uleule, dola la Makaburu lilikuwa linawafundisha watoto wa Kixhosa kwa Kixhosa, linawachapishia vitabu, na tangu 1960 linawarushia matangazo kupitia Radio Bantu. Nje ya gereza la Diyarbakır, dola la Uturuki lilikuwa linasema lugha hiyo haipo. Sheria namba 2932 ya mwaka 1983 haikukitaja Kikurdi kwa jina. Ilipiga marufuku kueleza na kusambaza mawazo kwa lugha yoyote isiyokuwa lugha rasmi ya kwanza ya nchi inayotambuliwa na Uturuki. Neno "ya kwanza" limepimwa kwa mkasi, kwa kuwa Iraki ilikuwa imekipa Kikurdi hadhi ya kiwango fulani, lakini si ya kwanza. Nimezisoma sheria nyingi za lugha na sijaona nyingine iliyojitahidi hivi kumpiga mtu bila kumtaja.

Sheria hiyo ilifutwa Aprili 1991. Novemba ya mwaka huo Leyla Zana alikula kiapo cha ubunge Ankara kwa Kituruki, kisha akaongeza sentensi ya Kikurdi kuhusu udugu wa Waturuki na Wakurdi. Ukumbi ulilipuka kwa kelele. Mwaka 1994 alikamatwa na kuhukumiwa miaka 15 kwa mashtaka ya uanachama wa PKK, chama cha Wakurdi kilichoshika silaha dhidi ya Uturuki, akatoka 2004. Tangu Januari 2009 shirika la utangazaji la serikali hiyohiyo lina kituo kinachotangaza kwa Kikurdi, na bado kwa miaka mingi kumbukumbu za bunge zilimwandika mbunge aliyesema Kikurdi kuwa amesema kwa "lugha isiyojulikana". Siku hizi huandika kwamba mzungumzaji ametumia maneno yasiyo ya Kituruki. Maendeleo.

Twende shuleni. Sheria ya Elimu ya Wabantu ya 1953 ni mojawapo ya sheria mbaya zaidi zilizowahi kuandikwa barani, na kati ya silaha zake ilikuwamo lugha ya mama. Kabla yake shule za wamisionari kama Lovedale zilikuwa zimezalisha tabaka la Waxhosa waliokuwa wakiandika Kiingereza cha kumtoa jasho hakimu. Serikali ikazichukua shule hizo, ikaongeza ufundishaji kwa lugha ya mama mpaka mwaka wa nane wa masomo, na ikaeleza waziwazi kwamba Mwafrika hana nafasi katika jamii ya wazungu zaidi ya kazi za aina fulani. Lugha ya mama ilikuwa kuta za chumba. Pamoja nayo zikaja "nchi" za bandia: Transkei mwaka 1976 na Ciskei mwaka 1981, zote mbili za Waxhosa, kila moja na bendera yake, kana kwamba kabila moja lilistahili uhuru wa uongo mara mbili.

Sisi tuna methali, mwacha asili ni mtumwa. Verwoerd, waziri aliyeisimamia sheria hiyo ya 1953, angeipenda mno. Angeiandika kwenye lango la kila shule ya Transkei.

Juni 16, 1976, wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kufundishwa nusu ya masomo kwa Kiafrikaans. Watu hukumbuka hilo. Kinachosahaulika ni kwamba wanafunzi hawakudai Kizulu wala Kixhosa. Walidai Kiingereza. Kathleen Heugh, mtafiti wa elimu ya lugha wa nchi hiyo, amehoji kwa miaka mingi kwamba miaka ile minane ya lugha ya mama, pamoja na uovu wa walioipanga, iliwasaidia wanafunzi weusi kufaulu mtihani wa mwisho, na kwamba ilipopunguzwa ufaulu ulishuka. Naamini ana hoja. Lakini jaribu kumweleza hoja hiyo bibi wa Mdantsane, kitongoji cha Waxhosa, aliyesoma miaka ile. Atakuuliza mtoto wako wewe anasoma wapi.

Katiba ya 1996 ilikipa Kixhosa hadhi rasmi pamoja na lugha nyingine kumi. Katika sensa ya 2011 watu zaidi ya milioni 8 walikitaja kuwa lugha yao ya nyumbani, asilimia 16 ya nchi, na sensa ya 2022 ikatoa asilimia ileile na kitu kidogo juu. Wenye Kiingereza nyumbani ni chini ya asilimia 10. Bado mtoto wa Eastern Cape kwa kawaida alisoma kwa Kixhosa mpaka darasa la tatu, kisha darasa la nne akaamka siku moja hesabu zikiwa za Kiingereza, mwalimu akizisoma kwa Kiingereza na kuzieleza kwa Kixhosa kwa sauti ya chini. Msomaji wa Tanzania anayemkumbuka mwalimu wake wa kidato cha kwanza hahitaji maelezo zaidi.

Wakurdi wa Uturuki hawakuwa na hasira hiyo ya kurithi, kwa sababu hawakuwahi kupewa shule ya kuichukia. Katiba ya 1982, kifungu cha 42, inakataza lugha nyingine yoyote isipokuwa Kituruki kufundishwa kama lugha ya mama shuleni. Ndiyo maana madai ya shule ya Kikurdi yanabeba uzito wa uhuru wenyewe. Mwaka 2012 serikali ilikubali somo la hiari kuanzia darasa la tano: saa mbili kwa wiki, wakipatikana wanafunzi kumi. Somo hilo haliitwi Kikurdi. Linaitwa "Lugha na Lahaja Zilizo Hai". Wenye sheria 2932 hawajapoteza ufundi wao.

Athari za katazo hazikuishia darasani. Abdullah Öcalan, kiongozi wa PKK, ambaye wasomaji wa Kenya watakumbuka alinaswa Nairobi Februari 15, 1999 baada ya kujificha kwa Wagiriki, ameandika vitabu vyake kwa Kituruki. Chama kilichopigana miongo minne kwa jina la Wakurdi kiliendesha sehemu kubwa ya fikra zake kwa lugha ya waliyempiga vita. Februari 2025, wito wake wa kukitaka chama kijivunje ulisomwa Istanbul kwa Kikurdi na kwa Kituruki, na Mei mwaka huo chama kikatangaza kuvunjika. Sisemi haya kwa kejeli. Marais na makatibu wakuu wetu nao waliupinga ukoloni kwa Kiingereza na Kifaransa.

Fasihi inathibitisha tofauti hiyo kwa namna nyingine. Gazeti la kwanza la Kikurdi, Kurdistan, lilitoka Aprili 22, 1898 mjini Cairo, likahamia Geneva, London na mpaka Folkestone. Jarida la Hawar, ambalo Celadet Alî Bedirxan alilitumia kusambaza alfabeti ya Kilatini ya Kurmanji, lilitoka Damascus kuanzia Mei 15, 1932. Riwaya inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Kikurdi ilichapwa Yerevan mwaka 1935, ya Erebê Şemo. Redio ya Yerevan, kuanzia 1955, ndiyo Wakurdi wa Uturuki waliyoisikiliza kwa sauti ya chini usiku. Mehmed Uzun aliandikia riwaya zake Sweden. Karibu kila hatua kubwa ya maandishi ya Kurmanji katika karne ya ishirini ilipigwa ugenini. John Tengo Jabavu alianzisha Imvo Zabantsundu mwaka 1884 nyumbani, King William's Town, S.E.K. Mqhayi alitoa Ityala lamawele mwaka 1914 akiwa nyumbani, A.C. Jordan alichapa Ingqumbo yeminyanya mwaka 1940 kupitia Lovedale. Wakurdi walikosa mchapishaji nchini mwao. Waxhosa walimpata, lakini mchapishaji huyo kwanza alikuwa misheni na baadaye alikuwa kamati ya vitabu vya shule, na wote wawili walipendelea hadithi isiyomwudhi mtu.

Wimbo uliponyoka. Enoch Sontonga alitunga "Nkosi Sikelel' iAfrika" mwaka 1897, Mqhayi akaongeza beti baadaye, na wimbo ukapanda kaskazini mpaka ukawa "Mungu ibariki Afrika". Watanzania wanausimamia kila sherehe. Wangapi wanajua kwamba wanasimamia tungo ya Kixhosa, sijui kama walimu wetu huwaambia.

Kipo kisa cha tatu ambacho hakimpendezi yeyote. Kurdistan ya Iraki ilijitenga kivitendo mwaka 1991, na katiba ya Iraki ya 2005, kifungu cha 4, imekifanya Kikurdi kuwa lugha rasmi ya nchi sawa na Kiarabu. Shule ni za Kikurdi kutoka chini. Hili ndilo Diyarbakır wanaliota. Limezaa kizazi kinachosoma na kuandika Kikurdi bila kigugumizi, na kizazi hichohicho kinashindwa kuzungumza na Baghdad, kwa kuwa Kiarabu chake ni cha kubahatisha. Wenye uwezo Erbil na Sulaymaniyah sasa wanawapeleka watoto shule binafsi za Kiingereza. Hawakulazimishwa na Makaburu wala na Saddam. Wamepiga hesabu ileile anayoipiga mzazi wa Mdantsane na wa Mbezi.

Kwa hiyo siwaamini wanaosema mzazi wa Kixhosa "amepotea kifikra". Anakumbuka. Vilevile siwaamini maafisa wa Ankara wanaosema saa mbili kwa wiki zinatosha kwa kuwa madarasa hayajai. Darasa lisilokuwa na mwalimu wala kitabu, linaloitwa kwa jina la kuficha, halipimi mapenzi ya mtu kwa lugha yake. Na nikibanwa niseme ipi imeumizwa zaidi, nitasema Kikurdi cha Uturuki. Kixhosa kilidhalilishwa, lakini kila nyumba ilibaki ikikisema, na redio ya Umhlobo Wenene leo ina wasikilizaji wengi kuliko vituo vingi vya Kiingereza nchini humo. Katika miji ya Uturuki unaweza kumkuta bibi na mjukuu wanaohitaji mtu wa kati.

Eastern Cape haijakata tamaa. Mwaka 2012, huko Cofimvaba, ilianza kufundisha hisabati na sayansi kwa Kixhosa kupita darasa la tatu. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Rhodes kilipokea tasnifu yake ya kwanza ya uzamivu iliyoandikwa kwa Kixhosa chote, nayo ilihusu Waxhosa wa Zimbabwe, ambako katiba ya 2013 inakitambua Kixhosa pia. Mwaka 2025 serikali ya taifa imeanza kupeleka mpango wa lugha mbili katika darasa la nne. Kwa mara ya kwanza shule ya Kixhosa inajengwa na watu ambao hawana haja ya kumfungia mtoto humo ndani.

Watakwama wapi? Kwenye mtihani. Karatasi za kidato cha mwisho za fizikia na hisabati Afrika Kusini hutungwa kwa Kiingereza na kwa Kiafrikaans. Mtoto wa Kaburu bado anafanya fizikia kwa lugha ya mama yake, kutoka darasa la kwanza mpaka karatasi ya mwisho, na hakuna anayemwambia kwamba anajinyima dunia. Mzazi wa Kixhosa anaiona karatasi hiyo. Mpaka siku itakapokuwa na safu ya tatu, ya Kixhosa, ataendelea kuhesabu kama anavyohesabu. Uturuki nako alama za somo la "lugha zilizo hai" haziingii katika mtihani wa kitaifa wa kwenda sekondari, na mtihani wenyewe ni wa Kituruki mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo mwanafunzi wa darasa la nane mwenye akili huliacha somo hilo na kuchukua hisabati za ziada.